Tetere macho-mekundu na tetere wa Rasi: tazama mkia, si shingo

Tetere hawa wawili wote wana ukosi mweusi nyuma ya shingo. Ukiona ukosi, umejua ni tetere tu. Bado hujajua ni yupi.

1. Sikiliza. Tetere wa Rasi (Streptopelia capicola) hulia silabi tatu, mkazo katikati: kuk-KURRR-uk, kuk-KURRR-uk, mfululizo bila kuchoka. Macho-mekundu (Streptopelia semitorquata) ana sauti nzito zaidi, milio sita: kuu-kuu, kisha ku-ku-ku-ku, halafu anarudia. Hesabu kwa vidole.

2. Subiri mkia. Usimfukuze, maana akiruka kwa hofu utaona mgongo ukipotea tu. Mtazame anapotua: hutandaza mkia kwa muda mfupi sana, na jibu liko hapo. Wa Rasi ana weupe safi kwenye ncha na pembe za mkia, unaonekana hata bila darubini. Macho-mekundu hana weupe kabisa. Ana mkanda mweusi katikati ya mkia, na ncha pana ya kijivujivu. Jua la mchana hung'arisha ncha hiyo hadi ikadanganya, kwa hiyo tafuta kwanza ule mkanda, tena ukimwangalia kwa juu, si kwa chini.

3. Uso. Kwa darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane), macho-mekundu anaonyesha ngozi nyekundu iliyokolea kuzunguka jicho, paji jeupe-kijivu na kifua cha waridi. Wa Rasi amepauka, na jicho lake ni jeusi, halina pete.

Lakini wekundu peke yake hautoshi. Kwenye nchi kavu yenye migunga, kama Baringo au Tarangire, yuko tetere wa tatu, Streptopelia decipiens: naye ana pete nyekundu, ila jicho lake lenyewe ni la manjano na mkia una weupe. Wengi humwandika macho-mekundu kimakosa.

4. Ukubwa. Macho-mekundu ana sm 30 hadi 34, wa Rasi 25 hadi 28. Kipimo hiki kinafaa wakiwa pamoja tu. Mazingira nayo husaidia kidogo: macho-mekundu hupenda miti mirefu, kingo za mito na bustani; wa Rasi, savana.

Kwa wachanga, ambao ukosi wao ni hafifu na manyoya yana kingo za kahawia, rudi hatua ya 2.