SOMO: Stendibai ya PostgreSQL, Amu hadi Malindi (someni kabla ya kunipigia)

Asalaam aleikum. Wiki hii nimeulizwa mara nne namna ya kuweka stendibai, yaani seva ya pili inayofuata kila badiliko la databesi kuu, na mmoja kanipigia niko sokoni na samaki mkononi. Basi naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mazingira yangu: ghala la vifaa vya ujenzi. Seva kuu iko Amu (Lamu), stendibai iko tawi la Malindi, zinaonana kwa VPN: Amu ni 10.8.0.1, Malindi ni 10.8.0.2. Databesi ni PostgreSQL 16 pande zote mbili. Toleo kuu lazima lilingane. 15 huku na 16 kule hazisikilizani. Na mkikuta maelezo yanayotaja recovery.conf, ni ya kabla ya toleo la 12 la mwaka 2019. Yaacheni.

1. Amu, kwenye postgresql.conf: `listen_addresses = 'localhost,10.8.0.1'`, kisha restati. wal_level na max_wal_senders ziko sawa tangu kiwandani, usiziguse.

2. Amu, mtumiaji wa kunakili: `CREATE ROLE nakala REPLICATION LOGIN PASSWORD '...';`

3. Amu, pg_hba.conf (faili la nani anaruhusiwa kuingia): `host replication nakala 10.8.0.2/32 scram-sha-256`, kisha reload. Neno replication liandikwe hivyohivyo. Ukiandika all, replication haimo ndani yake.

4. Malindi: simamisha Postgres, hakikisha folda ya data ni tupu, kisha ukiwa mtumiaji postgres, vuta nakala nzima ya Amu:
`pg_basebackup -h 10.8.0.1 -U nakala -D /var/lib/postgresql/16/main -R -X stream -C -S malindi -P`

5. Washa. Rudi Amu: `SELECT client_addr, state, replay_lag FROM pg_stat_replication;` Ikisema streaming, kanywe chai.

6. Sloti. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo msiruke. Ile `-C -S malindi` inatengeneza sloti, yaani seva kuu inaahidi kutofuta hata faili moja ya WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la databesi, zinakaa folda ya pg_wal) mpaka Malindi iipokee. Ahadi nzuri, ila haina kikomo. Pawasaplai ya Malindi iliharibika, tukasema tutaishughulikia baada ya Idi. Faili moja ni MB 16 tu, nani ataijali? Amu ikawa inazirundika kimyakimya. Mkesha wa Idi, kaunta imejaa watu wanaotaka rangi na balbu, diski ikajaa, Postgres ikaanguka. Karani akatoa daftari na penseli, akaniangalia tu.

Mimi nimeshaingia ndani ya pg_wal, nimeshaandika rm, kidole kiko juu ya Enter. Simu ya bosi ndiyo iliyoniokoa. MSIFUTE FAILI ZA pg_wal KWA MKONO. Ndizo databesi inazozisoma ili iamke salama. Nilifuta bekapu za zamani zilizokuwa diski hiyohiyo (zilikuwa zinafanya nini hapo, tusiulizane), nikawasha, kisha:
`SELECT pg_drop_replication_slot('malindi');`
halafu `CHECKPOINT;` na nafasi ikarudi.

Kinga yake: `max_slot_wal_keep_size = '20GB'`. Ipo tangu toleo la 13, na usipoiweka inabaki -1, bila mpaka. Reload inatosha. Ikipita hapo sloti inakufa na stendibai utaijenga upya. Afadhali hilo kuliko duka kufungwa mkesha wa Idi.

7. Siku ya msiba, Amu ikifa. Malindi iwe kuu: `SELECT pg_promote();` Lakini kwanza hakikisha Amu imezimwa kweli, si neti tu iliyokatika. Zikibaki kuu mbili, kila moja itaandika risiti zake, na kuzipatanisha ni kazi ya mkono.

MASWALI

Mpwani77: Mkuu nimefuata zote haifanyi kazi.

Mwandishi: Log inasemaje?

Mpwani77: Inasema no pg_hba.conf entry for replication connection.

Mwandishi: Hatua ya 3. Mstari mmoja tu ule.

Mpwani77: Nimeweka all, si ni yote?

Mwandishi: Nimeandika hapo juu kwamba sivyo. Soma.

Kijana wa Mkomani: Sasa tukiwa na stendibai, bekapu za usiku tuziache?

Mwandishi: Hapana! Ukifanya DELETE ukasahau WHERE, Malindi nayo inafuta papo hapo. Stendibai inafuata mema na mabaya.

Binti Shela: Maalim, hakuna namna ya kuifanya ichelewe makusudi? Ili kosa likitokea tuwahi kulizuia.

Mwandishi: Ahsante dada, swali zuri. Ipo: `recovery_min_apply_delay = '1h'` upande wa stendibai. Inapokea WAL mara moja ila inangoja saa nzima kabla ya kuitekeleza. Ukigundua kosa, `SELECT pg_wal_replay_pause();` kisha unachomoa jedwali lako kwa pg_dump. Ila iwe stendibai ya pili, kwa sababu ya kwanza unaihitaji iwe karibu na wakati halisi. Na bekapu bado ziendelee.

Binti Shela: Na nikitaka isipotee hata risiti moja?

Mwandishi: synchronous_standby_names, Amu inangoja Malindi ithibitishe kabla ya kumaliza COMMIT (kuhifadhi risiti). Lakini ukiwa na stendibai moja tu, neti ya Malindi ikikatika kila COMMIT ya Amu inagoma kumaliza. Mimi nimekubali kupoteza sekunde chache.

Fundi wa Watamu: Kaka, databesi yangu GB 60 na laini yetu unaijua. Basebackup inakatika njiani kila siku.

Mwandishi: Hata yangu. Nilichukua kwa `-Ft` (inatoa faili za tar) hukuhuku Amu kwenye diski ya nje, sloti ikiwa imeshatengenezwa, diski ikapanda boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Malindi. Kule unafungua base.tar, na pg_wal.tar unaifungulia ndani ya folda ya pg_wal. Usisahau `chown -R postgres:` na `chmod 700`, la sivyo haiwaki. Ikiwaka inavuta yaliyotokea safarini tu.

Fundi wa Watamu: Na safari ikichelewa?

Mwandishi: Yangu ilichelewa siku mbili. Ndiyo maana kikomo changu ni GB 20, si 5. Na diski itie kwenye kopo la mfuniko, mawimbi ya Kusi hayajui databesi.