Kupiga gita kwa njia ya Robert Fripp, hatua kwa hatua

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Tanga huanza kwa kuuliza wanunue pedali gani (kile kifaa cha mguuni cha kubadili sauti ya gita) walie kama Robert Fripp, mpiga gita wa bendi ya roki ya Uingereza, King Crimson. Pedali iache kwanza. Tangu 1969 sauti yake imegeuka mara kadhaa, na kilichogeuka zaidi ni kazi anayolipatia gita.

Hatua ya 1: noti ndefu. Hadi 1974 Gibson Les Paul yake ilipita kwenye fazi, kifaa cha kukwaruza sauti, noti ikavutika kama ya fidla. Piga noti moja, ishike mpaka ife yenyewe. Usiitetemeshe.

Hatua ya 2: marudio. Mwaka 1972, akiwa na mwanamuziki Brian Eno, utepe mmoja ulipita kwenye mashine mbili za kurekodia za Revox. Ya kwanza ilirekodi, ya pili ikasoma na kuirudishia ya kwanza. Zikitenganishwa zaidi, sauti inachelewa zaidi. Wewe tumia programu ya simu ya kurudia sauti, sekunde 4 zinatosha. Piga kidogo, nyamaza.

Hatua ya 3: kufumana. Hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1981 alikaa na mpiga gita mwenzake Adrian Belew, magita mawili yakasukana bila bwana wala mtumwa. Aliyelelewa na bendi zetu za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hatashangaa, maana magita ya solo na ridhimu ya Tanga yalijua kupishana zamani.

Mtafute mwenzio. Wewe zungusha A C D E G, yeye A C D E, kila noti kwa mpigo mmoja wa metronomu (kihesabu mapigo), 80 kwa dakika. Piki ishuke, ipande, bila kubadilika. Kiganja kiziguse nyuzi kidogo. Ukifika G ya kwanza, yeye keshaanza A yake ya pili. Masikio yatakuvuta umfuate. Kataa! Baada ya noti 20, yaani mizunguko yako 4 na yake 5, mnaanza A pamoja. Hapo ongezeni mwendo.

Hatua ya 4: kufunga nyuzi upya. Katika miaka ya 1980 aliacha mfungo wa kawaida, yaani sauti ambazo nyuzi hukazwa kuzitoa, akatumia C G D A E G kuanzia uzi mnene. Mpiga fidla wa taarabu ataziona G D A E zake humo. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, unapanda juu mno, hivyo weka mwembamba zaidi, na usijaribu kwa nyuzi zilizokwisha liwa na chumvi ya bahari. Kama gita ni la bendi, omba ruhusa kwanza.