Kiinua mgongo cha bosi wa kaunti: barua yangu ya pili

Barua ya kwanza, ya kuiomba kaunti rekodi za kiinua mgongo alicholipwa bosi wake, ilipotea kwa sababu niliiacha kwa bawabu. Usirudie kosa hilo. Iandike hata kwa Kiswahili, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016 inaruhusu, kisha uipeleke masjala na nakala mbili. Yako igongwe mhuri wenye tarehe. Usiulize tu "alilipwa ngapi?" Mimi niliomba mkataba wake, hesabu ya kiinua mgongo, siku za likizo ambazo hakuzitumia akalipwa pesa, na vocha yenyewe. Kwenye likizo ndiko pesa hujificha. Kuomba ni bure. Nakala unaweza kutozwa. Sababu huhitaji kutoa, hata karani akikukazia macho. Siku 21 zikipita kimya, hesabu umekataliwa: una siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.