Kuseti tapeti, pointi na taimingi za Volkswagen Beetle nyumbani

Gari hili halina rejeta, halina maji, na halikutoka kiwandani na geji ya joto. Kwa hiyo injini ikianza kuungua haikuambii kitu. Huoni mvuke wala dimbwi chini ya bampa. Inaungua kimya kimya hadi siku inanoki barabarani, na mwenye gari anasema ilikuwa nzima jana. Kinachoondoa joto ni upepo wa feni pamoja na lita 2.5 tu za oili. Sevisi ya Beetle, ukiichambua, ni vita dhidi ya joto, na ukiifanya kila kilomita 5,000 injini hukaa miaka mingi bila kufunguliwa.

Vipimo vya hapa ni vya injini za 1300, 1500 na 1600 za mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, zenye umeme wa volti 12. Spea si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani: Mexico iliendelea kutengeneza magari haya hadi Julai 2003, na vingi vya vipuri vya injini vinaingiliana.

Andaa spana namba 10, 13 na 21, spana ya plagi, bisibisi bapa pana, fila geji (bapa nyembamba za chuma za kupimia nafasi), tochi, na taa ndogo ya volti 12 iliyoungwa waya mbili. Nunua pia gasketi mbili za kava za valvu, gasketi mbili za sampu (bamba la chini ya injini panapomwagwa oili) na washa sita za shaba.

Tapeti kwanza, injini ikiwa baridi

Kuseti tapeti ni kurekebisha nafasi kati ya roka, mkono unaosukuma valvu ifunguke, na ncha ya valvu yenyewe. Baridi maana yake gari limelala usiku kucha. Saa mbili baada ya kutoka safari hazitoshi. Silinda na hedi hutanuka zikiwa na joto, kwa hiyo ukipima injini ikiwa vuguvugu, nafasi unayoiona si ya kweli.

Weka gia huru, vuta hendibreki, kinga magurudumu kwa mawe. Chomoa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi, kisha toa kepu ya distribyuta. Shika nati ya puli ya jenereta kwa spana 21 na uzungushe injini taratibu, huku mkono mwingine ukibana feni belti isiteleze. Zungusha hadi rota ielekee kwenye mkwaruzo mdogo uliopo ukingoni mwa distribyuta, na alama ya puli kubwa ya chini ikae sawa na mshono unaogawa injini nusu mbili. Hapo silinda namba 1 iko juu na valvu zake zote mbili zimefunga.

Namba za silinda huwachanganya wengi. Simama nyuma ya gari ukitazama mbele: upande wa kulia, iliyo mbali nawe ni 1, iliyo karibu na bampa ni 2. Upande wa kushoto, ya mbali ni 3, ya karibu ni 4.

Weka beseni chini, kwa sababu oili kidogo itamwagika. Kava la valvu limebanwa na waya mmoja mnene. Usukume chini kwa bisibisi nalo litaachia. Ndani utaona mikono minne ya roka. Ya pembeni mbili ni za ekzosi, ya katikati mbili ni za kuingiza mafuta na hewa. Zote zinasetiwa 0.15 mm.

Ingiza fila geji ya 0.15 kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu. Inatakiwa ipite ikiburura kidogo, kama karatasi unayoichomoa chini ya daftari. Ikipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Ikikataa kuingia, ni ndogo. Legeza nati kwa spana 13, zungusha skrubu kwa bisibisi, kisha kaza nati huku bisibisi ikiwa imeishikilia skrubu isisogee. Halafu pima tena. Kupima tena ndiko watu wanakokuruka, na ndiko kosa linakotokea: nati ikikazwa huivuta skrubu nayo, na 0.15 uliyoiseti inageuka 0.08 bila wewe kujua.

Ukimaliza namba 1, zungusha puli ya chini nusu duara kwenda kushoto, yaani kinyume cha saa. Piga alama ya rangi upande wa pili wa puli ili usikisie hiyo nusu. Sasa uko namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Injini huwasha kwa mpangilio wa 1-4-3-2, kwa hiyo ukiirudisha nyuma unapata 1-2-3-4 bila kuhangaika.

Nafasi ikiwa kubwa kidogo, injini inagonga tu; inaudhi lakini haiharibiki haraka. Ikiwa ndogo, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, moto unapenya pembeni, ukingo wa valvu unaungua na kompresheni inapotea. Ndiyo sababu ya kutowaamini mafundi wanaoseti kwa sikio hadi injini inyamaze kabisa.

Angalia zaidi ekzosi ya namba 3. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kimekaa ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda hiyo, na kinaizibia upepo. Ikiwa kila sevisi unakuta valvu ileile imebana, hiyo inarefuka. Usiendelee kuilegeza na kusafiri; toa hedi kabla kichwa cha valvu hakijakatika na kutoboa pistoni.

Kabla ya kurudisha kava, kwangua gasketi ya zamani yote. Mpya igandishe kwenye kava, upande wa hedi upake grisi kidogo tu. Silkoni nyingi hapo ni uchafu: hukatika vipande na kuishia kwenye oili.

Pointi kabla ya taimingi

Pointi ni swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche, na taimingi ni wakati cheche hiyo inapotoka. Mpangilio huu haugeuzwi, kwa sababu ukibadilisha pengo la pointi, taimingi nayo inahama. Zungusha injini hadi kisigino cha pointi kikae juu ya pembe ya kemu ya distribyuta, pale pointi zinapofunguka zaidi. Pengo liwe 0.4 mm. Pointi zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili usizisugue kwa msasa. Badilisha, na ubadilishe kondensa pia, maana mara nyingi ndiyo iliyozila. Paka kemu grisi ya kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi inarukia kwenye pointi na gari linaanza kumisi.

Sasa taimingi. Waya mmoja wa taa yako uunge kwenye koili, kwenye terminali namba 1 inayokwenda kwenye distribyuta, mwingine kwenye bodi. Zungusha injini kwa mwendo wa saa hadi rota ielekee namba 1 na alama ya puli ifike kwenye mshono. Ukiipita, usirudi nyuma kidogo. Zunguka upya, la sivyo ulegevu wa meno ya gia utakudanganya.

Fungua swichi bila kuwasha injini. Legeza nati ya klampu ya distribyuta. Geuza distribyuta kwa mwendo wa saa hadi taa izime, kisha irudishe kinyume cha saa polepole sana. Pale pale taa inapowaka, simama na kaza. Zima swichi mara moja, kwani koili iliyoachwa na umeme hupata joto na kuharibika.

Injini nyingi husetiwa digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini zile za 1971 hadi 1973 zenye distribyuta ya mipira miwili ya vakyumu husetiwa digrii 5 baada ya kufika juu. Hakikisha una puli na distribyuta za aina moja, maana baada ya miaka hamsini ya kubadilishiwa vipuri lolote linawezekana. Taimingi iliyotangulia mno ndiyo inayopasha hedi kuliko kitu kingine chochote.

Kuna distribyuta ya 009 isiyo na vakyumu, inayouzwa kama maboresho. Kwenye kabureta ya kawaida hufanya gari lisite kila ukikanyaga mafuta. Kama ile ya kiwandani bado inafanya kazi, ibakie.

Plagi

Pengo ni 0.6 hadi 0.7 mm. Zianze kwa mkono, au kwa kipande cha mpira wa mafuta kilichochomekwa kichwani mwa plagi. Ukipinda uzi wa hedi ya aluminiamu umejitafutia kazi ya wiki nzima. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeupe inamaanisha joto au hewa nyingi, nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, na iliyolowa oili ni ringi au valvu gaidi (mirija inayoongoza valvu) zilizokwisha.

Oili na hewa

Oili mwage injini ikiwa moto. Hakuna filta ya karatasi humu, kuna neti ya waya tu nyuma ya bamba la duara lenye nati sita. Toa neti, ioshe kwa petroli, na uitazame: vipande vinavyong'aa vinaelezea hali ya beringi. Nati hizo zinakazwa kwa Nm 7 tu, yaani nguvu ya vidole vitatu kwenye spana fupi. Oili ikivuja hapo, dawa ni gasketi na washa mpya. Ukikaza zaidi utang'oa stadi, yaani bolti inayoshika nati hiyo. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, 20W-50 inafaa.

Filta ya hewa yenye oili chini yake ni nzuri kwa barabara za vumbi kuliko vile vifilta vidogo vya kurembesha. Mwaga tope, osha, jaza oili hadi mstari mwekundu. Mabati yote yanayozunguka injini na mpira wa ukingoni lazima yawepo. Pengo lolote hapo linaifanya feni ivute hewa ya moto kutoka chini, kwenye ekzosi.

Feni belti

Ibonyeze katikati kwa kidole gumba: ishuke karibu mm 15. Inakazwa kwa kuondoa washa nyembamba kati ya nusu mbili za puli ya jenereta. Zinazobaki zinahamia nje, chini ya nati, zisipotee. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka ukiwa mwendoni, egesha na zima papo hapo. Huenda belti imekatika, na feni imesimama nayo. Belti ya akiba na spana 21 zikae ndani ya gari daima.

Mipira ya mafuta

Bodi ya injini ni ya aloi ya magnesi, na ikishika moto maji huuchochea. Badilisha mipira yote ya mafuta, pamoja na kipande kilichojificha karibu na gia boksi na kile kinachopita kwenye bati la mbele ya injini. Kishike kibomba cha shaba nyeupe kinachoingia kwenye kabureta na ukitikise: kikicheza, siku moja kitachomoka na kumwagia petroli distribyuta iliyo chini yake. Ukiwasha gari baada ya kazi, usifunge boneti ya nyuma. Mulika kila maungio kwa tochi dakika moja nzima, mtungi wa kuzimia moto wa unga ukiwa mkononi mwa mwenzako.