Fimbo ya samoni kwa kolekole wa kusini: kuiunda na kuirusha

Kwenye uvuvi tuliouzoea huku, chubwi ndiyo inayouvuta mshipi kwenda baharini. Uvuvi wa chambo cha manyoya umegeuza mambo: mshipi ndio mzito, na ndoana yenye manyoya ya jogoo inafuata nyuma tu, haina uzito wa kuhesabika. Jirani yangu hapa Mikindani, mzee aliyevua kwa mkono tangu ujana wake, alinikuta barazani nafunga kwenye fimbo pete za kupitishia mshipi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, bila chubwi utarusha nini?" Nikamwambia, "Mshipi wenyewe, babu." Akaushika, akaupima kwa vidole, akanyamaza kidogo, kisha akavuta kigoda akae kutazama.

Ukilishika hilo moja, kazi yote inajieleza. Mpini, pete, uzi na gundi vipo ili mshipi mzito uikunje fimbo, halafu fimbo iufyatue.

Samoni na stilihedi si samaki wetu. Ni wa maji baridi ya Pasifiki ya kaskazini: Alaska, British Columbia, Washington, Oregon. Samoni wa huko huzaliwa mtoni, hukulia baharini, hurudi mtoni kutaga, kisha hufa. Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua aliyeamua kwenda baharini. Yeye anaweza kutaga, akasalimika, akarudi tena mwaka mwingine. Wavuvi wao husimama kwenye mito mipana huku miti imewasonga mgongoni, nafasi ya kutupa mshipi nyuma hakuna. Ndiyo maana zikatengenezwa fimbo za futi 10.5 hadi 11.5 ambazo unaweza kuzirusha kwa mkono mmoja au miwili. Mimi niliposoma habari za miti mgongoni niliwaza mikoko ya mlango wa Mto Lukuledi, pale Lindi. Na kwa kuwa fimbo hiyohiyo inarusha mbali kwenye uwazi, ufukweni inafaa pia. Basi nikaichagua hiyo: futi 11, vipande vinne, namba 8. Kila kipande hakifiki mita moja, kinapanda bodaboda bila kumchoma mtu jicho.

Kuhusu hizo namba, tulia hapa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Namba ni ya uzito wa mshipi. Kwa fimbo ya mkono mmoja, mshipi namba 8 una greni 210 katika futi 30 za mwanzo, yaani karibu gramu 13.6. Namba 8 ya fimbo ya mikono miwili ni kitu kingine kabisa: hiyo inataka kichwa cha mshipi chenye greni mara mbili ya hizo au zaidi. Ukiifunga mshipi mwepesi haikunjiki, na utaishia kurusha kwa mabega. Unaponunua, uliza greni. Namba iache kwa muuzaji.

Jingine: mshipi wa samoni wenyewe usiulete huku. Ngozi yake imetengenezwa kwa maji ya baridi. Kwenye joto letu unalegea, unanata kwenye pete na kuvurugika miguuni. Nunua wa maji ya joto, ule mgumu kidogo, wenye greni zilezile.

Sasa ufito. Mimi huagiza ufito mtupu wa kaboni mtandaoni. Wapo watakaokuambia mwanzi, na kweli fimbo nzuri sana za mwanzi zipo, ila mwanzi huo huchanwa vipande sita vyembamba vya pembe tatu, vikarandwa na kugundishwa kuwa kitu kimoja. Kwa mtu anayeanza, hapana. Ufito ukifika, unganisha vipande, utazame kwa jicho moja kuanzia kitakoni. Karibu kila ufito umepinda kidogo. Zungusha kila kipande mpaka mpindo uelekee juu au chini, usielekee pembeni, kisha weka alama kwa kalamu nyeupe kwenye kila kiungo. Mafundi wengi wanahangaika kutafuta upande mgumu wa ufito kwa kuukunja mezani na kuuviringisha hadi uruke. Kwa fimbo hii silioni jambo hilo kuwa na maana kubwa, maana mirusho ya mikono miwili inaukunja ufito kila upande. Unyoofu ndio unaosaidia.

Anza na mpini kabla ya pete. Huko wanatumia pete za gome lile la vizibo vya chupa. Mimi natumia ndala. Ufukwe wetu unaletewa ndala kila siku, na ile sponji yake ngumu ni nyepesi, haisharabu maji, haitelezi mkono ukiwa na utelezi wa samaki. Zioshe, kata duara, toboa katikati tundu dogo kuliko ufito, halafu panua kwa tupa ya duara hadi lipite kwa kubana. Mpini wa juu uwe kama sentimita 28, wa chini kama 11, na kiti cha rili, yaani pale linapofungwa gurudumu la kukunjia mshipi, kikae katikati yake. Paka gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya, sukuma duara moja baada ya jingine, kisha zikaze kwa kamba hadi kesho yake. Kuchonga ni kwa msasa: anza na mkali, maliza na laini. Rangi za ndala zikichanganyika, bluu, nyekundu, nyeupe, watu watakucheka. Samaki haoni.

Kiti cha rili kina tundu pana kuliko ufito. Jaza nafasi kwa kuzungushia tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, mafungu matatu yenye nafasi kati yake, na gundi ijae kwenye nafasi hizo. Usizungushe tepu moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, gundi haitagusa ufito. Chagua kiti cha alumini. Vile vyenye mbao nzuri ni vya mtoni, chumvi itavila.

Pete zinahitajika kama moja kwa kila futi, na juu yake ile ya nchani. Mbili za chini ziwe kubwa, zenye duara la kauri ndani, maana mshipi unazigonga kwa kasi. Zilizobaki ni za waya uliopinda. Hakikisha ni chuma kisichoshika kutu. Ya nchani igundishe kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, si epoksi, ili siku ikivunjika uipashe na kuitoa.

Nafasi za pete hazitoki kitabuni peke yake. Anza na sentimita 13 kutoka nchani hadi pete inayofuata, ongeza kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, na pete kubwa ya kwanza ikae mita moja na kitu kutoka kitakoni. Zishike kwa vipande vya tepu. Pitisha mshipi, funga ncha yake kwenye chupa ya maji iliyojaa nusu, inua fimbo hadi ikunjike vizuri. Tazama: mshipi unatakiwa ufuate mkunjo. Mahali unapokata njia ya mkato ukaacha mwili wa fimbo, sogeza pete. Rudia mpaka uridhike. Usione uvivu hapa. Mzigo usipogawanyika sawa, siku ya samaki mkubwa utasikia mlio usioupenda.

Kufunga uzi ndiyo sehemu ninayoipenda. Kwanza nyayo za pete zinolewe kwa tupa mpaka ncha ziwe kama karatasi, la sivyo uzi hautapanda, utaacha pengo. Chukua boksi la sabuni, likate mabonde mawili ya kulaza ufito. Uzi wa nailoni mwembamba, weka kigurudumu chake ndani ya kikombe, upitishe katikati ya kurasa za kitabu kizito, juu yake weka kitabu kingine. Hapo umepata mvuto usiobadilika, na mikono yote miwili iko huru kuzungusha ufito.

Anzia kwenye ufito wenyewe, milimita tano nje ya unyayo. Mzunguko wa kwanza ukatishe juu ya ncha ya uzi, mizunguko sita inayofuata iilalie, kisha kata ncha iliyobaki. Endelea kuzungusha taratibu huku kucha ikisukuma uzi ukae bega kwa bega. Ikibaki mizunguko sita hivi kumaliza, laza kitanzi cha uzi mwingine juu ya ufito, zungusha juu yake, kata uzi mkuu, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta kitanzi. Ncha inazama chini ya mizunguko, unaikata, hakuna fundo. Usikaze hadi pete isisogee kabisa. Ibaki na nafasi ya kusukumwa kwa kidole gumba, maana ukimaliza zote utatazama tena kwa jicho moja na kuzinyoosha. Kwenye midomo ya viungo funga uzi pia, hata kama hakuna pete, ili kiungo kisipasuke.

Juu ya uzi inapita epoksi maalumu ya fimbo. Ile ya kukauka dakika tano si ya kazi hii, inakuwa njano na kupasuka. Pima sehemu mbili zilizo sawa kwa mabomba ya sindano ya duka la dawa, koroga polepole usitie mapovu. Paka kidogo, geuza ufito nusu duara kila baada ya dakika chache kwa saa tatu au nne, vinginevyo gundi itaning'inia upande mmoja. Mapovu yakijitokeza, yapulizie pumzi. Siku ya mvua ya masika iache kazi hiyo, unyevu unaifanya gundi iwe na ukungu na inate. Ukikosa epoksi hiyo, vanishi ya mashua inafaa, ila kwa tabaka nyingi nyembamba, kila moja ikauke ndipo ije nyingine.

Fimbo imekauka. Usikimbilie baharini, nenda kiwanja cha mpira, ufunge kipande cha sufi badala ya ndoana, na uvae miwani. Nyosha mshipi mbele, ncha ya fimbo chini, usiwe na ulegevu. Inua polepole, ongeza mwendo, kisha simamisha ghafla fimbo ikipita sikio. Ngoja. Mshipi lazima ujinyooshe nyuma, ndipo uikunje fimbo. Ukienda mbele mapema utasikia mlio wa kiboko, na kipande cha sufi hakipo tena. Kisha peleka mbele, simamisha tena, ushushe ncha. Kwa mikono miwili, mkono wa juu ni egemeo tu. Nguvu inatoka kwa mkono wa chini unaovuta kitako kuja tumboni. Wengi wanasukuma kwa mkono wa juu, na unawaona mshipi ukiangukia miguuni.

Mrusho wa mikokoni haupeleki mshipi nyuma. Uburute polepole juu ya maji kuja kwako, uinue fimbo hadi tumbo la mshipi lining'inie nyuma ya bega, huku mita chache za mbele zikiwa bado zimelala majini. Maji yanazishika, na hicho ndicho kinachoikunja fimbo. Sukuma mbele, simamisha, mshipi unaviringika kwenda. Huu ndio mlango wa mirusho yote ya Spey, iliyopewa jina la mto wa Uskochi. Kiwanjani hautafanikiwa, nyasi hazishiki. Fanya maji yakiwa yamejaa mahali patulivu. Na kabla ya kuanza, zungushia tepu ya umeme kwenye kila kiungo, maana mirusho hii inasokota fimbo na viungo vinafunguka pole pole bila wewe kujua.

Upepo uujue. Ukisimama Msimbati ukaitazama bahari, kusi inakujia upande wa kulia, na kwa mtu wa mkono wa kulia ndoana itapita sikioni. Badilisha: mkono wa kushoto uwe juu, mshipi upite juu ya bega la kushoto. Wakati wa kaskazi rudi kawaida. Msimbati pia imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo pita kwa wahifadhi uulize utaratibu kabla ya kufungua fimbo.

Samoni akishaingia mtoni huacha kula. Anagonga manyoya kwa hasira, na wavuvi wake huacha mkondo uvushe chambo polepole mbele yake. Kolekole ana njaa. Funga manyoya meupe ya mkia wa mbuzi yafanane na dagaa, rusha maji yanapoanza kujaa, kisha bana fimbo kwapani na uvute mshipi kwa mikono yote miwili, haraka, bila kupumzika. Kama mzia wapo, tanguliza waya mwembamba mbele ya ndoana, nailoni kwa meno yao ni bure. Akishika, usiinue fimbo juu kama bendera. Ilaze upande, umvute kwa kitako, maana ncha haina nguvu hiyo.

Ukirudi nyumbani, osha fimbo nzima kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini ya nyayo za pete na kwenye nyuzi za kiti cha rili. Viungo visugulie nta ya mshumaa mara moja moja, vishikane bila kunata. Ikauke kabisa kivulini ndipo uiingize kwenye mfuko.