Kufundisha Rangi, Hesabu na Ruwaza kwa Nafaka za Kifungua Kinywa

Nafaka za kifungua kinywa zenye rangi na umbo la pete, zile zinazouzwa kwa boksi katika maduka makubwa ya Mwanza, zinawafaa watoto wa chekechea kwa sababu ni nyepesi, zina tundu katikati, na hulainika kwa mate mtoto akiipeleka moja mdomoni. Kwa kuwa bei yake si ndogo, mgawie kila mtoto pete 10 hadi 15 tu. Rundo kubwa humvuruga, na mwalimu naye hushindwa kuona nani ameelewa.

Kabla ya kuanza, waulize wazazi kuhusu mzio, futa meza na hakikisha watoto wamenawa kwa sabuni. Boksi likishafunguliwa, hamishia pete kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, maana unyevu huzilainisha na sisimizi hawakawii.

Hatua ya kwanza ni kutenga. Kata trei ya mayai vipande vyenye vishimo sita, weka pete moja ya rangi tofauti katika kila kishimo, kisha umwulize mtoto, "Hii inakaa na ipi?" Watoto waliozoea kuona sato na sangara wakitengwa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hawahitaji maelezo marefu. Majina ya rangi yafuate baadaye, ukianza na nyekundu, njano na bluu. Zambarau na rangi ya chungwa zisubiri.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Wapo watoto wanaoimba moja hadi kumi bila kuhesabu chochote, kwa hiyo chora mstari wa chaki mezani na umtake mtoto avushe pete moja kwa kila namba anayoitamka. Akimaliza, mwulize zipo ngapi. Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi yenyewe, na hapo usikimbilie kujumlisha.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kutunga. Simika tambi ndefu isiyopikwa katika donge la udongo wa mfinyanzi, mtoto avishe pete kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vilevile atakavyoshikia penseli. Akizoea, mpe uzi mfupi wa kutosha bangili, ncha yake ikiwa imezungushiwa selotepu. Uzi wa kuvaa shingoni uepukwe kwa usalama. Kisha anzisha ruwaza: nyekundu, njano, nyekundu, njano. Mtoto akichomeka rangi anayoipenda badala ya inayofuata, usimsahihishe, bali mwambie asome ushanga wake kwa sauti huku akigusa kila pete. Mdomo utakwama palepale penye kosa, naye ataiondoa mwenyewe.

Pete zilizoshikwashikwa zisiliwe. Zipeleke kwa kuku, na za kula zitolewe mpya katika bakuli safi mwishoni mwa kipindi. Wapo wazazi wasiopenda chakula kilicho tayari kuliwa kichezewe, na hoja yao ina uzito. Kwao tumia makaroni makavu yaliyotikiswa katika mfuko pamoja na siki kidogo na rangi ya chakula, kisha yakaanikwa juu ya gazeti hadi yakauke. Makaroni hayo ni magumu, kwa hiyo usimpe mtoto ambaye bado hutia kila kitu mdomoni.