Muuguzi wa Tanzania na leseni ya Uingereza: usimlipe wakala

Wauguzi wenzangu walioko nyumbani huniandikia mara kwa mara: "Dada, kuna wakala anataka hela anifanyie mpango wa Uingereza." Mimi nilisomea stashahada Tanga, sasa niko wodi ya upasuaji Leeds, na jibu langu halijabadilika: usitoe hata shilingi. Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Kwa kuwa sisi wenyewe tuna upungufu wa wauguzi, waajiri na mawakala wa huko hawatakiwi kuja kutuwinda. Lakini ukiomba kazi hospitali mwenyewe, moja kwa moja, hukatazwi. Na wakala kumtoza ada mtafuta kazi ni kinyume cha kanuni zao.

Anza na jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, leseni inasema vile, pasipoti ina jina la mume: nyoosha hayo kwa hati ya kiapo kabla hujafungua akaunti NMC, ambalo ndilo baraza la wauguzi la Uingereza. Hakikisha pia leseni yako ya nyumbani iko hai, kwa sababu Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo litakalothibitisha usajili wako, na uthibitisho huo linautuma lenyewe kwa NMC. Usiombe upewe mkononi.

Kisha Kiingereza. Kwa mtihani wa IELTS ya kitaaluma unahitaji alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mimi nashauri OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, kwa sababu unaandika barua ya mgonjwa, kazi unayoifanya kila siku, badala ya insha ya uchafuzi wa miji. Matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo usifanye mtihani huu wakati vyeti vyako bado vina utata.

Mtihani wa kompyuta, CBT, una sehemu mbili: hesabu za dawa na maswali ya uuguzi. Hesabu usizidharau. Fanya mazoezi ya matone kwa dakika na miligramu kwa kilo hadi zikutoke bila kufikiri.

OSCE, yaani mtihani wa vitendo, ndiyo inayowaangusha wazoefu, tena si kwa kukosa ujuzi. Inafanyika Uingereza kwenyewe, vituo 10: vinne vinamfuata mgonjwa mmoja kuanzia kumpima hadi kumkabidhi kwa muuguzi mwenzako, vinne ni vya vitendo kama sindano ya chini ya ngozi au kufunga kidonda, na viwili ni vya kuandika. Kwetu, ukiwa na wagonjwa arobaini na muuguzi mmoja, unafanya kimya kimya na kwa kasi. Pale mtahini anataka kusikia: "Nanawa mikono. Naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa. Una mzio wa dawa yoyote?" Usiposema, kwake hukufanya. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi jikoni kwa sauti, mwenzangu wa nyumba akiwa mgonjwa, chati ya NEWS2 ya kujaza vipimo vya mgonjwa ikiwa mezani. Dawa yoyote isome kwenye chati kwanza, kisha mkanda wa jina ulioko mkononi mwa mgonjwa, kisha tarehe ya kuisha. Ukishindwa unarudia, lakini una nafasi 3 tu kwa ombi moja.

Kuhusu fedha, mimi nililipa pauni 140 za kukaguliwa sifa, 83 za CBT na 153 za kusajiliwa. OSCE ni pauni 794, na hospitali nyingi humlipia muuguzi waliyemwajiri. Uliza hilo kwenye usaili, na uliza pia utadaiwa nini ukiacha kazi mapema. Lisomeke kwenye mkataba.

Ukishafaulu, ingia kwenye akaunti yako, jaza tamko la mwisho, lipa. PIN, yaani namba yako ya usajili, ikitoka mpelekee meneja wako siku hiyo hiyo, maana hadi hapo unalipwa mshahara wa daraja la chini, na Bendi 5, mshahara wa muuguzi aliyesajiliwa, haianzi bila PIN.